Gitaa Kavu na Sauti za Waumini

Kanisa lililotuletea Injili huku Mara liliimba bila ala. Vijana wetu wengi hawalijui jambo hili, na wakiambiwa hushangaa, maana wamezaliwa wakakuta spika mbili kubwa zimesimama mbele ya kanisa kama zile nguzo za Yakini na Boazi hekaluni mwa Sulemani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934, wakaenda Bukiroba, na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 wakafungua kituo hapa kwetu Mugango, walitumwa na kanisa la Lancaster, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Huko ibada ilikuwa ya koo tupu. Waumini wote waliimba kwa sauti nne, na kinanda hakikuwa na nafasi katika nyumba ya ibada.

Wapo wanaodhani hayo yalikuwa mazoea ya wakulima wasiopenda muziki. Historia yasema vingine. Wazee wa imani yetu walianzia Zürich, Uswisi, mwaka 1525, wakiwa wafuasi wa mwanamatengenezo Zwingli kabla ya kutengana naye juu ya ubatizo. Zwingli mwenyewe alikuwa mpigaji hodari wa ala nyingi, na mojawapo ilikuwa ile ya nyuzi iitwayo lute, mjukuu wa udi wa Waarabu, udi ule ule tunaousikia katika taarabu ya Unguja. Hata hivyo alizitoa ala kanisani, na kuimba nako akakunyamazisha. Wale waliomwacha hawakunyamaza. Kati ya mwaka 1535 na 1540 baadhi ya Waanabaptisti walifungwa katika ngome ya Passau, Ujerumani, na humo gerezani wakatunga tenzi ambazo baadaye zilitiwa katika kitabu kiitwacho Ausbund, kilichochapwa mwaka 1564. Waamishi wa Marekani wanaviimba vitenzi hivyo hadi leo. Mfungwa hana kinanda. Ana koo lake na koo la jirani yake wa upande wa pili wa ukuta. Tukikumbuka hilo tutaacha kuwacheka wamisionari wetu kwamba walikuwa watu wakavu.

Uamsho nao uliongeza nguvu upande huo. Moto uliokuwa umewaka Rwanda na kuenea Uganda ulifika Shirati mwaka 1942, na ndugu waliookoka waliwekeana salamu kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, uliovuka mipaka ya makabila na madhehebu bila kuhitaji hata kayamba. Watu walitubu wakiimba, wakaimba wakitubu. Basi kwa miaka mingi Mkristo wa Mugango, awe Mkwaya au Mjita au Mruri, alijua kwamba sifa za Mungu hutoka kifuani. Akianzisha mama mmoja wimbo, wengine wanamfuata, besi wanaingia chini kama mtumbwi unaosukumwa majini, na jengo linajaa.

Nje ya jengo hilo nyuzi zilikuwa zikilia tangu zamani. Wakurya wa Tarime wana iritungu, ala kubwa ya nyuzi nane yenye sauti nzito inayotikisa kifua cha mpigaji. Wajaluo wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane, nyepesi na ya haraka zaidi. Ng'ambo ya maji, Wakerewe walikuwa na enanga. Hapa tungependa msomaji asimame kidogo. Kinubi alichopiga Daudi mbele ya Sauli, kwa jinsi wataalamu wa mambo ya kale wanavyokieleza, kilikuwa na mikono miwili iliyosimama juu ya tumbo la ala, na mti uliokatiza juu kushikilia nyuzi. Hilo ni umbo la nyatiti, na ni umbo la iritungu. Gitaa halina umbo hilo, wala piano, wala kinanda cha umeme kilichoko madukani Musoma mjini. Ala iliyofanana zaidi na ya Daudi ilikuwa tayari nyumbani mwetu, na ndiyo iliyobaki mlangoni kwa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu ilijulikana kuwa ya harusi za kimila, ya matambiko na ya mtungi wa pombe.

Gitaa lilipita njia nyingine. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini, yaliyotengenezwa na kampuni ya Gallo kwa jina la Gallotone, yalienea katika nchi hizi, na wazee wetu wakaliita gitaa la aina hiyo galatoni. Lilikuwa la plaiwudi, likiuzwa na ahadi kwamba halitapasuka. (Kijana mmoja wa Liverpool aliyeitwa John Lennon naye alianza na galatoni, kabla dunia haijamjua.) Huko Katanga, Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alilipiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba juu yake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, mji uitwao leo Likasi, na mwaka 1959 Bosco alikuwa Nairobi. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kiswahili, ndiyo maana zilisikika huku zikaeleweka.

Kisha likaja jambo la karibu zaidi. Shirati, mahali pale pale kituo cha kwanza cha Wamennonite kilipofunguliwa, ndiko alikozaliwa mwaka 1940 Daniel Owino Misiani, ambaye baadaye alivuka mpaka kwenda Kenya, akaunda Shirati Jazz, na kuwa mmoja wa wakubwa wa benga. Benga ni nini kama si vidole vya nyatiti vilivyohamia kwenye gitaa? Mwezi Januari 1967 kanisa letu lilipompata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, naye mtu wa Shirati, kanisa lilikuwa bado linaimba kwa koo tupu, wakati redio za majirani zilianza kujaa magitaa. Ardhi moja ilizaa askofu na mfalme wa benga, na ilichukua muda mrefu kabla sauti za upande mmoja hazijasalimiana na za upande wa pili.

Hofu ya wazee haikuwa ya kijinga. Gitaa waliliona vilabuni. Aliyelipiga Jumamosi usiku hakuonekana Jumapili asubuhi, na akionekana macho yake yalikuwa mekundu. Lakini Biblia yenyewe haituruhusu kulihukumu haraka. Katika sura ya 3 ya Danieli, ala zilizopigwa ili watu waisujudie sanamu ya Nebukadreza zimetajwa moja moja, na jina la mojawapo katika Kiaramu limetokana na neno la Kigiriki kithara. Neno hilo hilo, kwa kupitia Waarabu na Wahispania, ndilo lililozaa neno letu gitaa. Basi jamaa ya gitaa alikuwapo kwenye uwanda wa Dura, upande mbaya. Na Zaburi ya 33 inawaagiza wenye haki wamshukuru Bwana kwa ala za nyuzi. Ukoo ni ule ule wa nyuzi. Tofauti ilikuwa kwa waliopiga na yule waliyempigia.

Katika Tanzania nzima ni kwaya za vijana zilizoliingiza gitaa makanisani, hasa miaka ya 1970 na 1980, na kwetu pia vijana ndio waliolibeba. Mabishano yalikuwepo, tena makali, nasi hatutayafufua. Tunachotaka kueleza ni jambo ambalo mabishano hayo hayakuligusa: kwamba magitaa si mamoja. Wazee walibishana juu ya "gitaa" kana kwamba ni kitu kimoja, vijana nao wakalitetea hivyo hivyo. Mtu aliyeyashika anajua kwamba gitaa hili na lile vinaweza kutofautiana kama filimbi na tarumbeta, na swali la kama gitaa linafaa ibadani haliwezi kujibiwa mpaka tuulize ni lipi, na linawafanyia nini watu wanaoimba.

Kwa hiyo Jumamosi moja baada ya mazoezi tuliyaweka magitaa manne juu ya benchi. Tulimwomba mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi ndiye mwanzishaji wetu wa nyimbo, aanze utenzi ule ule mara nne, na kila mara gitaa moja limfuate. Watatu kati yetu tuliketi benchi la nyuma kabisa, chini ya bati, mahali ambapo sauti huwa inafika imechoka.

La kwanza lilikuwa la galoni. Msomaji aliyekulia kijijini analijua: galoni ya mafuta ya kupikia, shingo ya mti uliochongwa kwa kisu, na nyuzi zilizofumuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Lilikuwa na nyuzi nne. Linaumiza vidole vibaya, na sauti yake inazaliwa na kufa papo hapo, ti, ti, kama tone la mvua juu ya sufuria. Tulidhani tutacheka. Hatukucheka. Kwa kuwa halina sauti ndefu halikumzuia mtu yeyote; lilishika mwendo tu, kama makofi, na juu yake sauti zote nne zilikaa mahali pake.

La pili lilikuwa la plaiwudi, la ukoo wa galatoni, kuukuu kuliko wote waliolipiga siku ile. Shingo yake imepinda kidogo, hivyo nyuzi zimeinuka mbali na ubao, na anayelibana huko juu hutoka jasho. Sauti yake ni ya katikati, ya puani, haina kina chini wala kung'aa juu. Lakini ni sauti inayosema maneno. Ukilisikia unaelewa kwa nini watu wa Katanga na wa magharibi mwa Kenya walihadithia habari ndefu juu yake. Benchi la nyuma lilimsikia mama vizuri, na gitaa likasikika pembeni yake kama mtu anayeitikia "ndiyo, ndiyo".

La tatu lilikuwa na nyuzi za nailoni. Gitaa la aina hii umbo lake lilikamilishwa Hispania katika karne ya 19, hasa na fundi Antonio de Torres. Zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa kondoo. Nailoni ilishika nafasi hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili. Shingo yake ni pana, vidole havigombani, na ngozi ya mtoto anayejifunza haipasuki. Nyuzi zake zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, wakati za chuma hupita 70, kwa hiyo ubao wake hutengenezwa mwembamba, wa kutetemeka kwa mguso mdogo. Sauti ni ya mviringo, ya joto, na haiendi mbali. Benchi la nyuma tulilalamika kwamba hatusikii. Ubeti wa kwanza tukalalamika, wa pili tukanyamaza ili tusikie, na wa tatu tukagundua kwamba kanisa zima lilikuwa limepunguza sauti, na wanawake wa alto, ambao kwa miaka kadhaa tulidhani wameisahau sehemu yao, walikuwa wakiiimba.

La nne ndilo vijana wanalolipenda, kubwa, la mabega mapana, la nyuzi za chuma. Umbo hilo huitwa dreadnought, jina lililochukuliwa kutoka manowari ya Waingereza, na kampuni iliyolizaa ni ya C. F. Martin, iliyoanza kuliuza kwa jina lake yenyewe mwaka 1931. Kiwanda cha Martin kiko katika mji uitwao Nazareth, Pennsylvania. Kutoka huko hadi Lancaster, walikotoka wamisionari wetu, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Nazareth ulikuwa mji wa Wamoravian, ndugu wa wale waliofika Rungwe mwaka 1891, na Wamoravian hawakuwahi kuogopa ala. Matarumbeta ya makanisa yao ni mashahidi. Jimbo moja, basi, lilituma kanisa lisilo na ala na likatengeneza gitaa linalosikika kuliko yote. Jambo jingine la kufurahisha: Martin alijifunza kazi huko Vienna kwa fundi aliyeitwa Stauffer, na mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Shirati aliitwa Elam Stauffer. Hatusemi ni ukoo mmoja. Tumelipenda tu jina.

Gitaa hili lilijaza jengo. Bati liliitikia. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walianza kucheza, na sisi wa benchi la nyuma tulifurahi pia, tusiseme uongo. Lakini sikiliza yaliyotokea. Mpigaji alikuwa na kipande cha plastiki alichokata kutoka kadi ya zamani, akakwangua nyuzi zote sita kwa pamoja, juu chini, juu chini. Mama alikuwa ameanza wimbo mahali pake pa siku zote, ambapo si hapa wala pale kwa hesabu ya gitaa. Kufika mstari wa pili alikuwa amevutwa hadi alipo mpigaji, juu mno kwake. Tena wakaacha kusikika. Ubeti wa nne mama alinyamaza, akapiga makofi na kutabasamu kwa adabu. Hakuna aliyemnyamazisha. Gitaa lilikuwa limeifanya kazi yake yote.

Tukamwomba kijana aweke plastiki mfukoni na apige kwa gumba na kidole cha shahada, kwa namna ya Bosco. Tukamwomba pia amtafute mama alipo, badala ya mama kumtafuta yeye. Hakuwa na kapo, akafunga penseli juu ya shingo kwa kipande cha mpira wa tyubu, akaisogeza taratibu hadi akamkuta. Gitaa ni lile lile, mbao zile zile, na mama akarudi, na tena wakarudi nyuma yake.

Hapa ndipo historia ilipotufundisha kitu ambacho hatukukitarajia. Torres, fundi yule wa Hispania, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa kwenye ubao wa uso. Watu hulipa fedha nyingi kwa migongo ya miti ya thamani, mpingo wetu wa Tanzania ukiwemo, na hatusemi haina maana. Lakini uso ukiwa mwepesi na hai, mengine yote husamehewa. Ndiyo maana galoni haikutuaibisha. Na tukitazama nyuma ya ubao kuna kidole. Wamisionari wa Lancaster waliogopa ala kwa sababu ala hunyang'anya waumini wimbo wao, na hofu hiyo tuliiona kwa macho yetu ikitimia ubeti wa nne. Vijana walisema ala inaweza kumtumikia mwimbaji, na hilo nalo tulilisikia dakika kumi baadaye, kutoka kwenye gitaa lile lile.

Tumeyaandika haya si kwa udadisi mtupu. Mchango wa vyombo unaendelea katika ushirika wetu. Watu wanatoa walichonacho, wengine kwa fedha, wengine kwa ndoo ya dagaa iliyopigwa mnada baada ya ibada, na mawazo ya wengi yako kwenye kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, pamoja na spika za kuongeza kwenye zile mbili. Tunaheshimu shauku hiyo. Lakini kinanda cha namna hiyo kina mwendo wake kilichoutoa kiwandani, nacho hakiwezi kumtafuta mama alipo asipokuwepo mpigaji mwenye masikio. Tumeona ibada ambazo waumini mia mbili wanakaa wakisikiliza watu kumi, halafu wanasema wameimba. Watoto waliozaliwa katika ibada hizo hawajui kuna alto.

Kwa hiyo tumepeleka maoni yetu kwa wazee wa kanisa: yanunuliwe kwanza magitaa makavu mawili ya nyuzi za nailoni, yafundishwe kwa watoto wa Shule ya Jumapili kwa vidole bila plastiki, na kinanda kingoje. Galatoni kuukuu lirekebishwe shingo. Fundi wa mitumbwi wa hapa hapa Mugango amelitazama na kusema anaweza. Lile kubwa la chuma libaki kwa kwaya ya vijana, kwa mikutano ya nje, ambako upepo wa ziwa hula sauti za magitaa madogo. Wazee hawajatujibu, na wengine wao wametuambia wazi kwamba tunataka kulirudisha kanisa nyuma.

Tumeomba na jambo moja la ziada. Kuna mzee Mkristo, upande wa Tarime, anayejua kupiga iritungu na ambaye tangu abatizwe hajawahi kuipiga ndani ya kanisa. Tumemwalika aje akae karibu na mama mwanzishaji, amfuate kama tulivyowafanya wale wanne. Amesema atakuja baada ya mavuno, kwanza apate ngozi mpya. Ile ya zamani imepasuka.